Parke inafunguka mwezi wa kumi, inavimba mwezi wa kwanza: mambo ya ulimi na mfereji

Hapa Lubumbashi kama unataka kujua parke, sakafu ya mbao, iliwekwa vizuri ama vibaya usiangalie rangi wala kung'aa kwake, ngoja mwezi wa kumi kabla mvua haijaanza, piga magoti, angalia fasi mbao mbili zinakutana. Sisi tuko juu, kama mita 1,200, na kuanzia mwezi wa tano mvua inakatika, hewa inakauka mpaka midomo inapasuka, na mbao nayo inakauka inapungua. Halafu mwezi wa kumi na moja mvua inarudi, mbao inakunywa unyevu wa hewani, inanenepa tena. Hakuna fundi anaweza kuzuia hiyo, hata amwage kole (gundi) ndoo nzima. Ndiyo maana nawaambiaga wateja kiungo hakiko pale kwa kuzuia mbao isitembee, kiko pale ili mbao ikitembea uso wa parke ubaki sawa na mguu usijikwae. Lakini mbao ya kweli na laminati, ile ya kiwandani yenye picha ya mbao juu, hazitembei namna moja, na hapo njo mafundi wengi wanachanganya.

Mbao ya kweli kwanza. Ubao upande mmoja una ulimi, dume, upande wa pili una mfereji, jike, unachomeka unasukuma, kila mtu anajua. Chenye watu hawaangalii ni hiki: chukua ubao uliokatwa na fundi anayejua kazi, uulete karibu na macho upande wa jike, utaona mdomo wa chini ni mfupi kuliko wa juu, kidogo sana, kama nusu milimita. Juu ya nini? Ili ukisukuma, midomo ya juu ikutane kwanza, uso ufunge kabisa, na ule upenyo mdogo ubaki kule chini fasi hakuna atauona. Na ulimi wenyewe haufiki mwisho wa mfereji, unaachiwa nafasi kidogo, maana ukigonga mwisho uso hautafunga hata upige nyundo mpaka jioni. Kuna vijana wanakata ulimi na mfereji kipimo kimoja kabisa halafu wanajisifu imebana, kumbe imebana chini na juu inachungulia.

Msumari unapigwa pale kwenye kona ya juu ya ulimi, umelala digrii 45, ubao unaofuata unaufunika, huoni kitu. Angalia vizuri hapo: upande mmoja tu wa ubao umepigiliwa, ule mwingine umeshikwa na ulimi wa jirani basi, kwa hiyo mbao ikikauka inapungua ikielekea kwenye msumari wake na ulimi unateleza kidogo ndani ya mfereji bila kutoka. Ukipigilia pande zote mbili, ubao mpana utapasuka katikati, kwa sababu hauna fasi ya kwenda. Kwa hiyo kwenye parke ya mbao, kamwanya kadogo kwenye kila kiungo wakati wa kiangazi ni kawaida, mvua ikija kanafunga. Mteja anayenipigia simu mwezi wa tisa kwa sababu ya nusu milimita namuambia, mama, tuonane Krismasi.

Aina ya mti nayo inahesabu. Mulombwa, ule wenye ndugu zetu wa Zambia wanaita mukwa, haupungui sana ukikauka, ndiyo sababu naupenda kwa parke, sio uzalendo. Tena uliza ubao ulipasuliwa namna gani, ule uliokatwa kandokando ya gogo unatembea kwa upana karibu mara mbili ya ule uliopasuliwa kupitia moyo. Kwa urefu mbao karibu haitembei kabisa, kwa hiyo shida yote iko kwenye upana. Na mashine ya kukata hizi ndimi si jambo la jana, William Woodworth wa Marekani alipewa patenti ya mashine ya kupiga randa na kukata ulimi na mfereji mwaka 1828. Huku kwetu kwenye atelie za komini za Kenya na Katuba, hapa mjini, wanatumia tupi, mashine ya kisu kinachozunguka, umeme ukiwepo, na kisu cha tupi kikiwa butu ulimi unatoka na manyoya na hautaingia vizuri, hiyo usikubali.

Sasa laminati. Ile si mbao, ni nyuzi za mbao zilizosagwa zikakandamizwa na kole mpaka zikawa ngumu, HDF, halafu juu picha ya mbao na ngozi ngumu ya kuilinda. Ilianza Sweden mwaka 1977 kwa kampuni ya Perstorp, wale wa Pergo, na kwa karibu miaka 20 kiungo chake kilikuwa kile kile cha ulimi na mfereji, na kole ndani, unakaza na mikanda unangoja ikauke. Mwaka 1996 Välinge wa Sweden wakaleta mfumo wa kufunga bila kole, mwaka 1997 Unilin wa Ubelgiji wakaleta Uniclic yao, na baada ya hapo wakapelekana kwenye sheria miaka na miaka, mpaka 2005 Unilin ikafika mbele ya Tume ya Biashara ya Kimataifa ya Marekani kudai wengine wanaiga, yote hayo kwa ajili ya umbo la mdomo wenye unene wa milimita chache. Ukiona hivyo ujue kile kimdomo kina pesa.

Na kweli kina akili. Shika ubao wa kiliki, yaani huo wa kufunga bila kole, uuangalie kwa ubavu: hapa mdomo wa chini ni mrefu kuliko wa juu, kinyume na mbao ya kweli, na karibu na mwisho wake una nundu. Unaingiza ulimi ubao ukiwa umeinuka kama digrii 20 ama 30, unasukuma, unashusha. Wakati unashuka ule mdomo mrefu unajikunja kidogo kwenda chini, nundu inaingia kwenye mkato ulio chini ya ulimi, mdomo unarudi juu, tak. Kwenye Uniclic hauachiwi urudi wote, unabaki umekunjika kidogo na unaendelea kuvuta mbao mbili uso kwa uso. Upande mfupi siku hizi mbao nyingi zina kaplastiki kadogo ndani ya mfereji, 5G ya Välinge njo iko hivyo, unabonyeza toka juu kanarudi nyuma halafu kanaruka mbele kanafunga, hakuna kugonga.

Sasa tofauti yenyewe. Ulimi wa zamani unazuia mbao isipande wala isishuke, basi, kwenda kando inazuiwa na msumari. Kiliki inazuia vyote viwili, na hakuna msumari. Kwa hiyo mbao zote za saluni (sebule) zinakuwa kama watu walioshikana mikono kwenye mstari, wa kwanza akisogea wa mwisho anasikia, na kunenepa kote kunaenda kutokea ukutani. Ndiyo maana watengenezaji wengi wanaomba uache milimita 8 mpaka 10 kuzunguka chumba chote, kwenye nguzo, kwenye fremu ya mlango, kila fasi, halafu plinti, ule ubao mwembamba wa chini ya ukuta, inafunika, na plinti inapigiliwa ukutani, kamwe sio kwenye parke.

Mu nyumba moja ku mtaa wa Golf niliitwa mwezi wa kwanza, parke imenyanyuka katikati ya saluni, ukikanyaga inashuka inarudi. Mwenye nyumba amekasirika, anataka pesa yake kwa muuzaji, "Fundi, hii mbao ni fake." Nikamuambia papa, mbao haina kosa, ukuta njo uko karibu sana. Fundi aliyeweka alisukuma laminati mpaka kwenye simenti pande zote, na mlangoni akajaza na mastiki ikawa ngumu. Tulitoa plinti, tukakata kando ya ukuta, na parke ikalala yenyewe mbele ya macho yake, polepole, bila mtu kuigusa. Upande wa pili wa hiyo shida ni kabati ya jikoni iliyofungwa na vis (skrubu) kupitia parke: pale imeshikwa haitembei, kiangazi kikifika mbao zinapungua na kiungo cha karibu kinafunguka. Kiliki ikifunguka mimi sitafuti kiungo kibaya kwanza, natafuta nani ameishika.

Vumbi sasa. Vumbi letu jekundu na unga wa msumeno vinaingia kwenye mfereji, na punje moja tu inatosha kiungo kisifunge, fundi anachukua nyundo anagonga juu ya ulimi, mdomo unapasuka kwa ndani, siku hiyo haionekani, baada ya miezi ubao unaanza kulia. Mimi nina burashi ya meno ya zamani mfukoni, napitisha kwenye kila mfereji kabla ya kuingiza, na kama kuna kugonga nagonga juu ya kipande cha mbao, sio juu ya ulimi. Chini lazima kuwe sawa, mimi nakubali milimita 2 kwenye rula ya mita 2, ikizidi mdomo utakuwa unakunjika kila ukikanyaga mpaka uchoke. Na kartoni ziache zilale mu chumba chenyewe masaa 48 kabla.

Laminati ya bei rahisi kutoka Kasumbalesa, kule mpakani na Zambia, iko na nzuri na mbaya, siwezi kusema zote mbaya. Dukani omba kartoni mbili tofauti zifunguliwe, chukua ubao mmoja mmoja, zifunge pale chini mbele ya muuzaji, pitisha ukucha kwenye kiungo. Ukucha ukikwama, ama ukiinua mbao hizo mbili zinaachana zenyewe hewani, rudisha. Na akikataa kufungua kartoni ya pili, salimia vizuri uende duka lingine.