Madam Ndoo

Leo nimefua kutwa. Jana jioni nilirudi kutoka Kolo, kwenye michoro ya kale ya miambani, nikiwa na vumbi hadi kwenye kope, na kufua kwangu siku hizi ni hesabu. Ndoo ya kwanza ni ya nguo nyeupe, maji yake hayo hayo yanahamia kwenye za rangi, ya nguo za rangi yanapigia deki, na ya deki unamwagiwa mpapai ulio nyuma ya bafu. Mama yangu kule Kisauni akiniona atadhani nimerogwa.

Si kwamba Mombasa maji ni tele. Tumenunua madumu ya mkokoteni maisha yetu yote, na siku mfereji ukitoa maji mtaa mzima huitana. (Mfereji, naam. Hapa Dodoma wanasema bomba.) Lakini kule ukikosa maji, bahari i pale, unaisikia, unajidanganya nayo. Dodoma ukikosa unatazama juu, unatazama chini, huoni kitu. Na yakitoka yana chumvi, sabuni haitoi povu mpaka uibembeleze. Nimetoka kwenye chumvi nikaifuata chumvi, kilomita mia kadhaa mbali na bahari.

Naandika haya saa tatu usiku, umeme umekatika, simu ina asilimia 19. Ni mwanzo wa Desemba. Joto limejaa chumbani na majirani wote wametoa viti nje.

Nilikuja hapa Januari 2023 na mkataba wa miaka miwili, kufundisha Jiografia na Kiingereza katika shule moja ya binafsi. Nilivuka Lunga Lunga na Horohoro, nikapita Tanga, nikashushwa Chalinze na mabegi matatu kusubiri basi la kutoka Dar. Siku hizi nikienda likizo napanda treni ya umeme iliyoanza kufika Dodoma Julai 2024, saa tatu na nusu hivi uko Dar na kiuno chako kizima. Wakati ule ilikuwa ni basi na ubishi wa dirisha lifungwe au lisifungwe. Januari nchi yote ilikuwa kijani. Mibuyu ina majani, mahindi na mtama vimesimama, madimbwi kila upande. Nikampigia mama: walionitisha na ukame wa Dodoma ni waongo. Kufikia Julai nilimpigia tena, sauti ya chini.

Mwalimu wa Jiografia sikupaswa kudanganyika hivyo. Nilikuwa naandika ubaoni mwenyewe: nusu jangwa, msimu mmoja wa mvua, Desemba mpaka Aprili, milimita 550 hadi 600 kwa mwaka mzima. Kuandika ni kitu kimoja. Sisi wa pwani tuna masika na vuli, ya kwanza ikikunyima unaitegemea ya pili. Hapa mvua ikikukosa umengoja mwaka.

Ndoo ilinipata wiki ya pili. Darasani tunatakiwa tuseme Kiingereza, lakini mtu akichoka hurudi kwao. Mvulana mmoja wa kidato cha kwanza alikuwa anachezea rula nyuma huko, nikamwita kama mama anavyoniita mimi: "We! Ndoo hapa!" Akanitazama. Nikarudia kwa ukali zaidi, "Nimesema ndoo!" Akatoka mbio. Nikabaki nimeduwaa, darasa limeinamisha vichwa, mabega yanatikisika. Baada ya dakika tatu akaingia anahema na ndoo ya bluu ya mpishi, ina maji nusu, akaiweka miguuni pangu kwa adabu zote. Kimvita chetu, Kiswahili cha Mombasa, "njoo" ni "ndoo", kama njia ilivyo "ndia" na njaa ikawa "ndaa". Atajuaje mtoto wa Kigogo aliyekulia mahali ambapo mkubwa akitamka neno hilo anataka maji? Kuanzia hapo ni Madam Ndoo, mpaka kwa walinzi wa getini.

Ilinichoma kidogo, nisiseme uongo. Mtu wa Mombasa ana majivuno ya lugha hata kama hana majivuno mengine. Mwalimu mwenzangu wa Historia akanikandamiza na ule usemi wao kwamba Kiswahili kilizaliwa Unguja, kikakulia Tanganyika, kikaugua Kenya. Nikamkata: "Kaka, wakubwa walipokutana mwaka 1928 kuamua Kiswahili kipi kiwe cha shule za Afrika Mashariki, unajua walikutana wapi? Mombasa." Akanywa chai taratibu. "Na wakachagua cha wapi, dada?" Cha Unguja. Nilijifunga goli mwenyewe mbele ya ofisi nzima.

Mambo mengine nimeyaokota njiani. Sasa siwezi kununua hata kiberiti bila "naomba". Nimejua kwamba ukipita watu wanafanya kazi unawapa pole, hata kama kazi yenyewe ni kucheza bao. Nimejifunza kumwamkia bibi anayeuza mlenda mkavu soko la Sabasaba kwa "Mbukwa", naye huniitikia "Mbukwa, mwanangu", kisha ananipimia kwa mkono mkunjufu. Zabibu nilikuwa nazijua zile kavu za kwenye pilau, kumbe ni tunda lenye maji, linauzwa barabarani kwa sado. Jumamosi zangu za mwanzo zote nilizimalizia mnadani Msalato, kwenye nyama ya mbuzi na vumbi la ng'ombe, mpaka mfuko ulipokataa. Habari za kibali cha ukaazi sitaziandika leo, zina siku yake na lugha yake.

Safari ya Kolo tuliipanga tangu Septemba, watatu: mimi, huyo wa Historia, na jirani yangu ambaye ni muuguzi na hajawahi kulala Jumamosi yake yote. Tulidaka basi la Arusha alfajiri. Barabara ni lami tupu siku hizi, inapanda kaskazini kupita Msalato na Mayamaya hadi Kondoa, na Kolo iko mbele ya Kondoa, kando kabisa ya barabara. Ardhi ya Kondoa niliifundisha kabla ya kuiona. Mmomonyoko wake ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa hifadhi ardhi, HADO, na mwaka 1979 ikaondoa mifugo yote kwenye eneo lililoharibika zaidi. Kitabuni ni aya moja. Dirishani ni makorongo mekundu, mengine yanaweza kumeza nyumba, na kati yake miti iliyorudi baada ya ng'ombe kuhamishwa. Nilitamani kidato cha tatu wangekuwa nyuma yangu kwenye viti.

Pale Kolo unalipia kwenye ofisi ya mambo ya kale, unapewa mwongozaji, unapanda bodaboda kwenye njia ya mchanga, kisha unashuka na kupanda mlima kwa miguu yako. Muuguzi ndiye aliyetuacha nyuma. Mwamba wenyewe umeinama mbele kama paa la baraza, na chini ya paa hilo, juu ya ukuta, wapo. Watu wembamba warefu kwa rangi nyekundu, vichwa vimetuna kwa nywele au kwa kitu walichovaa, hakuna ajuaye. Twiga. Tembo. Watu watano wamepangana, wa katikati ameshikwa mikono kulia na kushoto, wanamvuta. Wengine wanasema ni mwanamke anayetekwa. Wa Historia akasema ni ngoma. Mimi niliona watoto wanagombania ndoo bombani, lakini nilinyamaza.

Michoro myeupe iliyokuja juu ya myekundu ni minene, ya vidole, ya wakulima na wafugaji waliofika baadaye. Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, alikaa huku mwaka 1951 akiinakili michoro ya eneo hili, na mwaka 2006 UNESCO ikayaingiza maeneo haya, yenye miamba zaidi ya 150 iliyochorwa, kwenye orodha ya urithi wa dunia. Mwongozaji aliyasema haya haraka haraka, kama mtu anayesoma risiti. Alipolegea ni alipotuonyesha sehemu ya mwamba ambayo si ya watalii. Akasema wazee wa hapa bado wanapanda kuja kutambika, kwa ugonjwa na kwa mvua inapochelewa.

"Mwaka huu wamekuja?" nikauliza.

Akatazama anga, halafu akanitazama mimi, mgeni mwenye kofia ya majani. "Dada, si unaona kulivyokauka. Kila mtu anaomba kwa alivyofundishwa."

Kwetu hutoka watu uwanjani kuswali swala ya mvua, imamu anageuza joho lake nje ndani. Nilikuwa mdogo, nilidhani amelivaa vibaya kwa haraka. Sikumwambia mwongozaji. Nilikaa tu juu ya jiwe nikanywa maji yaliyobaki kwenye chupa, na kwa mara ya kwanza nikaona haya kidogo kuyanywa.

Kurudi ilikuwa taabu, tulisimama kando ya barabara hadi saa tisa kabla ya basi la kutoka Babati kutuchukua, na tulisimama humo humo ndani hadi Kondoa. Njiani tulivuka mto wa mchanga mtupu. Wanawake wawili walikuwa wamechimba shimo katikati yake, mmoja yumo ndani hadi kiunoni, anapandisha maji kwa kikombe, kikombe baada ya kikombe, mwenzake anapokea. Nikamkumbuka binti mmoja wa kidato cha pili, mzaliwa wa Bahi. Nilichora mto wa msimu ubaoni nikasema kiangazi unakauka. Akanyoosha mkono: "Madam, unakauka juu tu." Nilimpa alama mbili za bure siku ile. Jana nilielewa kwamba hazikuwa za bure.

Simu imefika asilimia 11. Nilitaka kuandika pia kuhusu mkataba, umebaki mwezi mmoja kabla haujaisha, na mkuu wa shule anasubiri jibu. Mama anataka nirudi. Anasema nimekonda, na Kiswahili changu kimekuwa cha bara. Wiki iliyopita nilimwambia "naomba unisikilize", akacheka hadi akakohoa. Nimeandika sababu za kukaa kwenye karatasi na sababu za kuondoka kwenye karatasi nyingine, na zote mbili zimekaa chini ya kopo la chumvi.

Kuna kitu kimegonga bati. Nilidhani ni paka.

Kikagonga tena, mara mbili, mara nyingi. Harufu ya vumbi lililoloa ikaingia kabla sijafika dirishani. Mtaa mzima ukalipuka kwa vigelegele na milango ya mabati, viti vikarudishwa ndani, sufuria zikatolewa nje. Mtoto wa mwenye nyumba, ambaye ni mwanafunzi wangu, akapiga kelele kutoka barazani kwao, "Madam! Ndoo! Ndoo!"

Sikujua ananiita au ananitahadharisha. Nilitoka na zote mbili.