Pete za Miramar

Agosti 2017 nilikuwa Wellington, New Zealand, kumtembelea mdogo wangu aliyekuwa akisoma huko. Alijua ninavyozipenda filamu tatu za The Lord of the Rings, akanilipia ziara ya siku nzima. "Da, leo siku yako," akaniambia, akanifunga skafu yake shingoni maana upepo wa mji ule hauna huruma.

Tulianzia Mount Victoria, kilima cha misonobari mjini kabisa. Hapo ndipo upigaji filamu ulipoanza Oktoba 1999, wale hobiti wanne, watu wafupi wa hadithi hiyo, wakijificha kando ya njia. Mti wenyewe wa kwenye filamu haupo, kumebaki kibonde tu. Nililala humo na wageni watatu nisiowajua, tukajibanza kama wanaowindwa, na moyo ulinidunda kwelikweli.

Kisha Upper Hutt. Bustani za Isengard za kwenye filamu sasa ni nyasi za Harcourt Park. Kaitoke, palipokuwa Rivendell ya kwenye filamu, pana mto na msitu uliojaa majani mabichi. Pazuri mno, lakini kila nilipotazama niliona kilichoondolewa.

Mchana tukaingia Weta Workshop, karakana iliyotengeneza vifaa vya filamu hizo, mtaa wa Miramar. Kupiga picha marufuku, nami nikashukuru, maana macho yalipata nafasi. Palikuwa na panga, helmeti, nyayo za hobiti zenye manyoya, na maleba yaliyonifanya nisahau miguu iliyochoka. Mavazi ya filamu ya tatu yalimpatia Ngila Dickson tuzo ya Oscar mwaka 2004, pamoja na Richard Taylor wa karakana hiyohiyo.

Mwongozaji wa ziara akanipa kipande cha deraya nikishike. Nilikaza mkono nikitarajia uzito wa chuma, kumbe chepesi. Ni pete za plastiki, akasema, zenye rangi ya chuma, na zaidi ya milioni 12 ziliunganishwa kwa mkono, moja baada ya moja. Walioifanya kazi hiyo, akaendelea, vidole vyao vililika mpaka alama zikafutika.

Wenzangu waliguna kwa mshangao, wakasogea kwenye panga. Mimi sikuondoka. Kwetu Lamu nimelelewa na kofia za viua. Mama alikaa barazani tangu alasiri mpaka giza, kitambaa cheupe magotini, akitoboa na kuzungushia uzi vitundu visivyohesabika. Kofia moja ilimla miezi, na aliyeinunua aliivaa Idi bila kumjua aliyeishona. Nikazigeuza zile pete, nikatafuta ile ya mwanzo, kama Mama alivyonifundisha kutafuta fundo kwa ndani. Sikuiona. Kazi safi. Machozi yakanilenga, na sikuyaficha.

Usiku nikampigia Mama simu. Nikamweleza kila kitu, milima, mto, majoho, kisha zile pete na vile vidole. Akanyamaza kidogo. Mama hajashika sindano tangu macho yalipoanza kumfifia.

"Na macho yao, mwanangu?" akauliza. "Yalisalimika?"

Sikuwa nimeuliza.