Tangi Dogo, Mtambaazi Gani?

Mwenye tangi la kioo la sentimita 60 kwa 45 huuliza kwanza: nani ataenea humu? Kuenea ni kazi ya rula. Kigumu zaidi kwenye tangi dogo ni joto.

Mtambaazi hautegemei mwili wake kumpa joto. Hulisogelea akilitaka, hulikimbia likizidi. Ndiyo maana tangi lazima liwe na upande wa moto na upande wa baridi. Kwenye boksi la sentimita 30, taa inayofikisha nyuzi 33 kona moja itaipasha na kona ya pili, na mnyama hana pa kukimbilia. Basi ama uchague asiyehitaji taa ya joto, ama uchague mdogo wa sakafuni na umpe urefu wa kutosha.

Asiyehitaji taa ni mjusi aitwaye geko kishungi, Correlophus ciliatus, wa visiwa vya New Caledonia. Wataalamu walidhani ametoweka hadi alipoonekana tena mwaka 1994. Ana sentimita 20 hivi pamoja na mkia, na hupanda, kwa hiyo kinachohesabika kwake ni kimo: 45 kwa 45, na 60 kwenda juu. Hustawi kwenye nyuzi 22 hadi 26. Chumba kikikaa juu ya 28 kwa saa nyingi, huyu si wako, hata kama tangi linamtosha. Mlo wake mkuu ni unga wa matunda uliotengenezwa maalumu kwa ajili yake, unaokorogwa kwa maji mpaka uwe kama uji mzito. Uweke jioni, uondoe kabla saa 24 hazijatimia. Nyunyiza maji usiku, kisha uache tangi likauke mchana. Tangi lisilokauka huota ukungu. Mkia wake ukikatika hauoti tena, tofauti na mijusi wengi, kwa hiyo usimshike kwa nguvu.

Wa pili ni geko chui, mwenye sentimita 20 hadi 25. Miongozo ya zamani humruhusu kwenye sentimita 60. Kwangu, hiyo ni ya mtoto tu, mkubwa apewe 90 kwa 45. Sehemu ya moto iwe nyuzi 32 hadi 34 juu ya sakafu yenyewe, upande wa baridi uwe kama 24. Anataka maficho matatu: moja motoni, moja baridini, na la tatu lenye kuvumwani kibichi ndani, ile mimea laini inayoshika maji. Hilo la tatu ndilo watu huliacha, kisha ngozi kuukuu inabaki imebana vidoleni wakati wa kujivua, damu haipiti, kidole kinakufa. Nyenje wake wapakwe unga wa kalsiamu, na wasizidi upana wa nafasi iliyo kati ya macho yake. Bila kalsiamu na vitamini D3 mifupa hulainika, taya hupinda, na kilichopinda hakinyooki.

Kuhusu mkeka wa joto: usiuwashe bila themostati, kifaa kinachouzima joto likifika kiwango ulichoweka. Kitambuzi chake, ile ncha inayopima joto, kilale palepale anapolala mnyama. Kikining'inia hewani husoma nyuzi za chini, mkeka unaendelea kuwaka, na tumbo linaungua huku kipimo kikionyesha mambo ni shwari.

Anayependa nyoka atafute dume wa boa wa mchanga, Eryx colubrinus. Dume kwa kawaida hukomea kati ya sentimita 40 na 50, jike huweza kufika 80 na ni mnene zaidi. Msisitizo ni dume, basi, na muuzaji akuonyeshe vikucha viwili kando ya tundu la haja, ambavyo kwa dume huonekana vizuri zaidi. Sakafu ya 60 kwa 45 na tandiko la kina cha sentimita 8 humfaa. Kwa kuwa hujifukia hadi kwenye kioo, joto linalotoka chini ya tangi lipimwe kwenye kioo chenyewe, si juu ya tandiko.

Wa kuacha? Kobe wa maji mwenye masikio mekundu, auzwaye akiwa kama sarafu, hufikia sentimita 20 hadi 30. Mjusi ndevu anahitaji 120 kwa 60. Kinyonga huonekana mdogo, lakini anataka kizimba kirefu cha wavu kinachopitisha hewa. "Nitambadilishia akikua" ni ahadi ya kuaminika pale tu tangi kubwa limeshanunuliwa.

Mnyama asiletwe siku ya kununua vifaa. Washa tangi tupu kwa saa 48, pima pande zote mbili alasiri na alfajiri. Upande wa baridi ukivuka nyuzi 27, punguza wati za taa na upime upya. Ukivuka tena huku upande wa moto haujafika 32, tangi ni fupi kwa geko chui.