Nilivyokwenda Awaji kwa kufuata bamvua

Wanafunzi wengi tulio Kobe, Japani, tukipata mapumziko hukimbilia Kyoto. Mimi ni mtu wa Pemba, nikikaa sana mbali na maji nakosa raha, kwa hiyo nilichagua Awaji, kisiwa kilicho katikati ya Honshu na Shikoku. Wajapani wa kale walisimulia kwamba ndicho kisiwa cha kwanza kuzaliwa.

Kisa kimo katika Kojiki, kitabu kilichokamilika mwaka 712. Izanagi, mungu mume, na Izanami, mungu mke, walisimama juu ya daraja linaloelea mbinguni, wakatumbukiza mkuki wenye vito baharini na kuukoroga kama mwiko kwenye uji. Walipouinua, chumvi iliyodondoka nchani iliganda ikawa kisiwa, Onogoro. Wakashuka, wakasimamisha nguzo, wakaizunguka, wakasemezana, wakaoana. Mtoto wao wa kwanza, Hiruko, alizaliwa na ila, wakamweka kwenye chombo cha matete akachukuliwa na maji. Miungu wa mbinguni wakawaambia tatizo ni kwamba mke ndiye aliyetangulia kusema. (Dada zangu wakisikia hili, patachimbika.) Wakaanza upya, mume akatangulia, na hapo ikazaliwa Awaji, ikifuatiwa na Shikoku na visiwa vingine.

Kilichonishughulisha zaidi ni kupanga siku. Mlangobahari wa Naruto, kusini mwa kisiwa, una mizunguko ya maji ambayo siku kubwa hufikia upana wa mita 20, lakini ukienda wakati wa maji mafu, kujaa na kupwa kukiwa hafifu, utaona bahari inayotetemeka tu. Kwa hiyo niliangalia mwezi wa angani kwanza, tiketi baadaye. Nikachagua bamvua (maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu) la Aprili, maana katika majira ya kuchipua maji hujaa na kupwa kwa kishindo zaidi. Kisha nikafungua jedwali la saa za mkondo ambalo wenye boti hulitoa, nikaandika saa ambayo mkondo ungekuwa na nguvu kuliko zote. Mengine yote niliyapanga kuizunguka saa hiyo.

Kisiwani hakuna treni; reli iliyokuwapo ilifungwa 1966. Nilipanda basi la masafa marefu kutoka Sannomiya, katikati ya Kobe, likapita juu ya daraja la Akashi Kaikyo lenye urefu wa mita 3,911. Minara yake ilikwisha kusimama tetemeko lilipopiga Januari 17, 1995. Ardhi ilisogea, na nafasi kati ya minara miwili ikaongezeka karibu sentimita 80. Wahandisi wakarekebisha michoro, wakaendelea, na daraja likafunguliwa 1998.

Bandari ya Fukura ndiko boti zinakoondokea. Nilisimama upande wa mbele, mkono kwenye kingo. Chini ya daraja la Ohnaruto maji yalikuwa na ngazi, nasema kweli: upande mmoja umeinuka, mwingine umebonyea, na kati yao mstari mweupe wa povu. Sababu ni kwamba maji yanayojaa kutoka Pasifiki hupita hapa kwenye uwazi mwembamba, lakini mengine lazima yaizunguke Awaji yote, safari ya saa tano au sita. Yakifika upande wa pili, huku kwa Pasifiki maji yameshaanza kupwa. Tofauti ya kimo huweza kufika mita moja na nusu. Mkondo wa kasi wa katikati ukisuguana na maji ya polepole ya kando, maji hujipinda, tundu linafunguka, linazama, linanguruma, halafu linafumbika na jingine linafunguka pembeni. Kila mzunguko haukai muda mrefu, kwa hiyo ukihangaika na simu utaambulia picha za povu. Nahodha alizima mwendo kidogo, boti ikayumba, na bibi mmoja aliyekuwa jirani yangu akanishika mkono bila kuniomba ruhusa.

Kesho yake nilipanda kivuko cha kwenda Nushima, kisiwa kidogo cha wavuvi, mwendo wa kama dakika kumi kutoka bandari ya Habu. Wako wanaosema Onogoro ndiyo hii. Upande wa pili wa kisiwa limesimama jiwe la Kamitategami, mita 30 hivi kwenda juu, limechongoka peke yake baharini, na hulinganishwa na ule mkuki au ile nguzo. Njia ya kwenda huko inapita katikati ya nyumba za wavuvi, kisha inapanda mlima. Kofia na maji ni lazima.

Hekalu la Izanagi liko Taga, na Nihon Shoki, kitabu cha mwaka 720, kinataja Awaji kuwa mahali alipojitenga alipomaliza kazi yake. Mimi ni Mwislamu, sikupiga makofi wala kuinama kama wafanyavyo waumini wa pale. Nilisimama kando kwa adabu, na hakuna aliyeniuliza neno. Uani kuna mkafuri mkubwa wa miaka kama 900, mashina mawili yaliyoungana yakawa mti mmoja. Wenye ndoa huuendea kuombea nyumba zao.

Chakula hakikunisumbua: samaki wa kuchoma kwa chumvi, wali, na vitunguu vya Awaji ambavyo Aprili ni vipya na vitamu hata vikiwa vibichi. Kinachosumbua ni mabasi ya ndani, ambayo ni machache mno. Piga picha ratiba ya kurudi mara tu unaposhuka kituoni, kwa sababu la mwisho huondoka mapema kuliko utakavyodhani.