Arobaini na tatu

Leo jioni binti yangu ameruka kamba mara 43 bila kukwama. Najua kwa sababu alihesabu kwa sauti, na kila alipovuka kumi aliongeza sauti zaidi.

Wiki tatu zilizopita alikuwa hafiki hata saba. Kamba ikimnasa kwenye kifundo cha mguu, anaitupa chini. Siku moja akasema, "Mimi siwezi chochote." Hakusema hawezi kamba. Alisema chochote, na ana miaka tisa tu. Neno hilo nililala nalo.

Nami nilichangia. "Mbona kaka yako anaweza?" nilimwambia, nikidhani namtia ari. Akaacha kabisa kwa siku nne. Nilipoona hivyo nikaiokota kamba mwenyewe, nikaruka mara tano, pumzi juu juu, kiatu kimoja kikachomoka. Alicheka mpaka akakaa chini. Kesho yake akaichukua bila kuambiwa.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi kwa siku. Sisi hatufiki huko, zikipita ishirini nashukuru. Mapitio ya mwaka 2004 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za afya, yaliyokusanya majaribio 23, yaliona kuwa mazoezi yanaweza kumwongezea mtoto kujithamini, walau kwa muda mfupi, ingawa majaribio mengi yalikuwa madogo na yenye kasoro. Sishangai. Kujithamini si homa, useme utaipima kwa kipimajoto.

Kilichonigusa zaidi ni hoja ya mwanasaikolojia Albert Bandura, aliyeandika mwaka 1977 kwamba imani ya mtu katika uwezo wake hujengwa zaidi na yale aliyokwisha kuyafanya mwenyewe kuliko maneno ya kutiwa moyo. Hapo nikazikumbuka "unaweza, mwanangu" zangu zote, jinsi zilivyokuwa zikimpita tu. Ile 43 hakupewa na mtu.

Jana alikwama kwenye hesabu za kugawanya, akafuta, akaanza upya bila kununa. Sitaki kuipa kamba sifa zote, huenda alikuwa amelala vizuri tu.

Sasa hivi nimetoka kumfunika shuka. Kamba ameilaza chini ya mto.