Enslaved hawajahama

Rafiki yangu mmoja, ambaye ndiye aliyenifundisha kusikiliza blaki metali, ule muziki mkali wa magitaa ya kasi na sauti za kukwaruza, tulipokuwa tukiishi chumba kimoja chuoni, anashikilia mpaka leo kwamba bendi ya Enslaved ya Norwe iliishia mwaka 1998, ilipotoa albamu ya Blodhemn. Yote yaliyofuata, kwa maoni yake, ni kazi ya watu wengine wanaotumia jina lile lile. Kila ninapomtumia wimbo wao mpya hunijibu kwa neno moja tu: wamehama. Tumebishana hivyo kwa miaka bila kugombana, na kwa kuwa ujumbe wa simu hautoshi kubeba hoja yangu yote, nimeamua kuiandika hapa kwa utulivu. Kile kilichowapeleka Enslaved mbali na blaki metali kilikuwamo ndani ya blaki metali yao tangu mwanzo, na anayezisikiliza rekodi zao kwa mfuatano wa miaka atakisikia kikikua.

Bendi hii ilianzishwa mwaka 1991 katika eneo la Haugesund, mji wa bandari ulioko pwani ya magharibi ya Norwe. Waanzilishi walikuwa Grutle Kjellson, anayepiga gitaa la besi na kuimba, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 17, na Ivar Bjørnson, mpiga gitaa, aliyekuwa na miaka 13. Umri huo wa Bjørnson haujaacha kunishangaza, kwa sababu ni umri wa mtoto anayemaliza shule ya msingi kwetu, na muda si mrefu baadaye mtoto huyo alikuwa akitunga nyimbo zinazozidi dakika kumi. Wawili hao walitoka kwenye bendi ya deth metali, ndugu wa blaki metali, iliyoitwa Phobia. Mwaka 1992 walirekodi kanda yao ya majaribio, Yggdrasill, na mwaka 1993 ikatoka Hordanes Land, rekodi yenye nyimbo tatu tu ambazo kwa pamoja zinakaribia nusu saa.

Miaka hiyo blaki metali ya Norwe ilikuwa ikitajwa duniani kwa mambo ambayo si ya muziki. Kanisa la kale la mbao la Fantoft, mjini Bergen, lilichomwa moto Juni 1992, na mengine yakafuata. Agosti 1993 mpiga gitaa wa Mayhem, bendi nyingine ya blaki metali ya Norwe, Øystein Aarseth, aliyejulikana zaidi kwa jina la Euronymous, aliuawa. Huyo Euronymous ndiye aliyekuwa mwenye Deathlike Silence Productions, kampuni iliyotoa albamu ya kwanza ya Enslaved, Vikingligr Veldi, mapema mwaka 1994, yeye akiwa tayari amezikwa. Nayataja haya ili ieleweke kwamba Enslaved hawakuwa wapita njia katika muziki huo. Walilelewa katika nyumba hiyo hiyo, wakati ule ule, na watu wale wale.

Hata hivyo, wakiwa humo ndani, hawakumwimba Shetani. Wenzao wengi waliupinga Ukristo kwa kuzipindua alama zake, lakini Enslaved walirudi nyuma zaidi, kabla Ukristo haujafika kwao, wakaimba habari za Odin, mkuu wa miungu ya kale ya Norwe, za Heimdall mlinzi wa daraja la miungu, na za mti wa Yggdrasil unaoishikilia dunia yote. Naamini uamuzi huo ndio uliowapa maisha marefu. Bendi inayoishi kwa kupinga kitu kimoja huishiwa maneno mapema, ilhali masimulizi ya kale yanaweza kuchimbwa na kijana wa miaka 15 na yakachimbwa tena na mtu wa miaka 45, kila mmoja akitoka na lake.

Jambo la pili lililokuwamo tangu mwanzo ni subira. Wimbo unaofungua Hordanes Land, "Slaget i Skogen Bortenfor", una zaidi ya dakika 13. Uzi wa gitaa unakwaruzwa kwa kasi bila kupumzika, dramu za Trym Torson zinakimbia chini yake, na kinanda kinatanda juu kama ukungu wa alfajiri. Asiyeuzoea atasema hakuna kinachotokea. Mimi nilipousikia kwa mara ya kwanza nilikumbuka jioni za utotoni, tulipokaa mkekani kumsikiliza bibi akisoma utenzi. Mizani ni nane kila kipande, kina cha mwisho hakibadiliki kuanzia ubeti wa kwanza hadi wa mamia, na ndani ya kutobadilika huko msomaji hupata nafasi ya kusimulia vita nzima, huku sikio la msikilizaji likianza kuona mabadiliko madogo ambayo mwanzoni lisingeyaona. Enslaved walikuwa wakifanya jambo la namna hiyo kwa magitaa. Waandishi wanaposema kwamba bendi hii iligundua roki ya progresivu, roki ya nyimbo ndefu zenye sehemu nyingi, baada ya mwaka 2000, huwa nawaza kwamba hawakuwahi kukaa na dakika zile 13 hadi mwisho.

Jambo la tatu ni sauti. Albamu ya Frost, ambayo pia ilitoka mwaka 1994, ilirekodiwa katika ukumbi wa Grieghallen mjini Bergen chini ya Eirik Hundvin, anayeitwa Pytten, fundi ambaye mikononi mwake zilipita rekodi nyingi muhimu za blaki metali ya Norwe. Humo katikati ya kelele kuna wimbo wa taratibu uitwao "Yggdrasil", ambao ndani yake wanaimba kwa sauti ya kawaida ya mwanadamu, isiyokwaruza, kama watu waliokaa kando ya moto. Rafiki yangu hulalamika kwamba uimbaji safi uliwaharibu Enslaved miaka kumi baadaye, lakini huo hapo, mwaka 1994, kwenye albamu anayoipenda kuliko zote.

Eld ya mwaka 1997 inafunguliwa na wimbo wa dakika 16 kuhusu shambulio la Waviking huko Lindisfarne mwaka 793. Blodhemn, iliyorekodiwa Sweden kwa Peter Tägtgren, ni ya kasi na ukali mtupu, na naipenda, ingawa nikiwa mkweli ndiyo albamu ambamo wanafanana zaidi na wenzao. Kisha ikaja Mardraum mwaka 2000, na Monumension mwaka 2001, ambamo mapenzi yao kwa Pink Floyd, bendi ya roki ya Uingereza, yalijitokeza waziwazi: mwendo ukapungua, nafasi zikaachwa tupu kati ya mapigo, kinanda kikapewa muda wa kuzungumza peke yake.

Kuna jambo moja ninalompa rafiki yangu haki katika kipindi hicho. Enslaved walianza kwa kuimba Kiaislandi na Kinorwe, lugha zenye wasemaji wachache, nao waliimba bila kumwomba radhi msikilizaji wa ugenini. Kuanzia Monumension, Kiingereza kikashika nafasi kubwa. Naelewa kwamba kiliwafungulia milango, na naelewa kwamba Kjellson anaandika vizuri kwa lugha hiyo. Lakini mimi ninayeandika Kiswahili kila siku, nikijua vilivyo jinsi lugha kubwa inavyoimeza iliyo karibu nayo, siwezi kulipokea jambo hilo kwa moyo mweupe. Sikuelewa hata neno moja la Vikingligr Veldi, na kutokuelewa huko hakukunipunguzia chochote.

Albamu niliyotamani kumkalisha nayo rafiki yangu chumbani ni Below the Lights ya mwaka 2003. Wimbo wa kwanza, "As Fire Swept Clean the Earth", unaanza kwa sauti ya kinanda cha Mellotron, ile sauti ya nyuzi za fidla iliyochakaa kidogo, kama picha ya zamani iliyokaa juani. Inazunguka polepole, yenye huzuni. Gitaa linaingia, na hapo ndipo ninapotaka msikilizaji atege sikio: linachezwa kwa namna ile ile ya Hordanes Land, uzi ukikwaruzwa mfululizo, ila dramu chini yake hazikimbii tena. Zinatembea. Kitu kile kile kilichosikika kama dhoruba mwaka 1993, kikipigwa juu ya mwendo wa taratibu, kinasikika kama maombolezo. Kisha sauti ya Kjellson inakuja na makwaruzo yake yote. Hakuna kilichoondolewa; kilichobadilika ni hatua. Baadaye kidogo, "Queen of Night" inafunguliwa na filimbi laini ambayo ingeweza kutoka kwenye rekodi yoyote ya roki ya miaka ya 1970, mpaka magitaa yanapoukata utulivu huo kwa ghafla. Niliusikiliza usiku, umeme umekatika, simu ikiwa na chaji ya kutosha albamu moja tu, na sijutii nilivyoitumia.

Mwaka 2004 ikatoka Isa, ambayo jina lake ni la herufi ya kale ya Wanorsi, watu wa kale wa Skandinavia, yenye maana ya barafu. Hapo walikuwa wameingia mpiga dramu Cato Bekkevold na mpiga kinanda Herbrand Larsen, ambaye alikuwa na sauti nyororo ya kuimba. Mpiga gitaa Ice Dale, ambaye jina lake halisi ni Arve Isdal, alikuwa ametangulia kidogo. Isa ilishinda Spellemannprisen, tuzo kubwa ya muziki nchini Norwe. Uzuri wake mkubwa ni mazungumzo ya sauti mbili: Kjellson anakwaruza, Larsen anajibu kwa utulivu, na wimbo unakuwa na watu wawili ndani yake badala ya mmoja. Ruun ya mwaka 2006 iliendeleza mazungumzo hayo kwa ustadi zaidi.

Sitaki nionekane mtetezi asiyeona kasoro. Vertebrae ya mwaka 2008, iliyochanganywa na Joe Barresi, Mmarekani aliyefanya kazi na bendi ya Tool, ni safi kupita kiasi kwa sikio langu, na kuna nyimbo humo zinazoteleza bila kuacha alama. Axioma Ethica Odini ya mwaka 2010 ilirudisha meno. Lakini kwenye RIITIIR ya 2012 na In Times ya 2015 nilianza kuiona njia kabla ya kufika: ubeti wa makwaruzo, kiitikio cha sauti nyororo, daraja refu, kisha kiitikio tena. Kama neno "wamehama" lina ukweli popote, basi liko hapo. Muundo wa wimbo ulioanza kukaa tayari kama kalibu ndio uliowaweka mbali na walikotoka, kuliko filimbi au kinanda chochote. Hatari ya bendi iliyovunja kanuni za wengine ni kujitungia za kwake na kuzitii.

Waliokolewa, nadhani, na mambo mawili. La kwanza ni Skuggsjá, kazi ambayo Bjørnson aliitunga pamoja na Einar Selvik wa Wardruna, kundi linalopiga ala za kale za Norwe, baada ya kuombwa kwa ajili ya maadhimisho ya miaka 200 ya katiba ya Norwe, na ambayo ilipigwa mara ya kwanza Eidsvoll mwaka 2014, mahali ilipoandikwa katiba yenyewe. Humo magitaa ya umeme yanakaa pamoja na ala za kale, na naisikia athari yake katika kila walichofanya baadaye. La pili ni watu wapya. Larsen aliondoka, akaja Håkon Vinje, na sauti yake inafungua E ya mwaka 2017 kwa upana ambao sikuutarajia; "Storm Son", wimbo wa takriban dakika 11, haujali kalibu lolote. Kisha Bekkevold naye akaondoka mwaka 2018, nafasi yake ikachukuliwa na Iver Sandøy, ambaye tayari alikuwa amefanya nao kazi studio kwa miaka kadhaa na ambaye pia anaimba. Kwenye Utgard ya mwaka 2020 sauti ni tatu, na Kinorwe kimerudi kusikika.

Hatimaye Heimdal, ya mwaka 2023. Inafunguliwa na baragumu. Halina haraka, linalia kama linaloitia watu wa ng'ambo ya maji, na kwa mtu wa pwani ni vigumu kulisikia bila kuikumbuka siwa ya Lamu, ile ya shaba, ambayo haifanyiwi mchezo. Katika masimulizi ya Wanorsi, baragumu la Heimdall huitwa Gjallarhorn, nalo litapigwa siku dunia itakapofikia mwisho wake. Sasa rudi kwenye kanda ya Yggdrasill ya mwaka 1992. Wimbo wa kwanza humo unaitwa "Heimdallr". Mwingine unaitwa "Resound of Gjallarhorn". Mtoto aliyezitunga alikuwa na miaka 14. Aliyetunga albamu ya 2023 alikuwa na miaka 45, na ni mtu yule yule, akilisimulia baragumu lile lile.

Kwenye albamu hiyo kuna wimbo uitwao "Congelia", wenye dakika nane. Karibu wote umejengwa juu ya mzunguko mmoja wa gitaa unaorudiwa na kurudiwa, dramu zikikimbia, mpaka sikio linaanza kuona mabadiliko madogo. Nilimtumia rafiki yangu wimbo huo juzi, pamoja na "Slaget i Skogen Bortenfor", nikamwomba azisikilize zote mbili kwa mfuatano bila kuandika chochote kabla ya mwisho. Alikaa kimya zaidi ya nusu saa. Kisha akaniomba nimtumie albamu yote.