Mali ya Jirani Nje ya Mlango wa Ibada

Masomo ya wiki: Walawi 6:1–7; Mathayo 5:23–24; Marko 11:1–6

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Katika Walawi sura ya 6 kuna utaratibu ambao wengi wetu tunaupita mbio. Mtu amemdhulumu mwenzake katika mali: amekana amana aliyowekewa, au ameokota kitu kilichopotea kisha akaapa kwamba hajakiona. Sasa dhamiri inamsuta na anataka kupatana na Mungu. Torati haimruhusu aje na kondoo wake wa sadaka peke yake. Ni lazima arudishe mali yote kamili, aongeze juu yake sehemu ya tano, na amkabidhi mwenyewe siku ile ile anapoleta sadaka ya hatia. Na tangu mstari wa pili, Maandiko yameshasema kwamba aliyemdanganya mwenziwe katika mali amemkosa Bwana.

Nimelishika neno hili wiki hii kwa sababu ya jambo lililotokea hapo nje tunapoegesha magari.

Ndugu yetu mmoja wa ibada ya Kiswahili anaendesha spesho, yaani teksi ya kukodiwa na abiria mmoja mmoja. Gari si lake. Kila wiki anampelekea mwenye gari hesabu yake, na kinachobaki ndicho chakula cha nyumbani na karo ya watoto. Jumapili alitoka ibadani akakuta taa ya nyuma upande wa kulia imevunjika na bampa limepasuka. Tulikwenda pamoja kuangalia. Vile vipande vyekundu vya taa havikuwa vimetapakaa ovyo kama inavyokuwa kitu kikigongwa. Vilikuwa vimekusanywa kwa mguu na kusukumwa chini ya gari, nyuma ya tairi, na alama ya soli ya kiatu bado ilionekana kwenye vumbi. Maana yake aliyegonga alisimama. Alishuka, akatazama, akaelewa alichofanya, akavificha vile vipande. Kisha ama aliondoka zake, ama, na hili ndilo linaloniumiza zaidi, aliingia ndani akaimba pamoja nasi.

Huenda alijiambia kwamba mwenye gari ni mtu mwenye uwezo, taa moja haitamwangusha. Ni mawazo ya kawaida mjini Kampala: ukiona gari, unaona tajiri. Lakini tunajua magari haya yanavyopatikana. Mengi yalikwisha kutumika Japani kabla ya kufika kwetu, na mengine yamenunuliwa kwa mkopo wa sako, chama cha akiba na mikopo, ambao bado unalipwa. Mengine ni ya mjomba, ya ofisi, au ya tajiri anayesubiri hesabu yake. Katika 2 Wafalme 6, mmoja wa wana wa manabii alikuwa akikata mti kando ya Yordani, chuma cha shoka kikatumbukia majini. Kilio chake hakikuwa kwamba kazi imekwama. Alilia kwa sababu chuma kile kilikuwa cha kuazima. Elisha hakumwambia kwamba ni kitu kidogo. Muujiza mzima ulifanyika ili maskini aweze kurudisha mali ya mtu. Ninaposoma habari ile namwona ndugu yetu amesimama nyuma ya gari akiwaza atakavyopiga simu kwa mwenye nalo.

Tena tusijifariji kwamba bima italipa. Ile bima ya lazima, ya mtu wa tatu, ambayo kila mwenye gari Uganda anatakiwa kuwa nayo, iliwekwa kwa ajili ya watu wanaoumizwa au kuuawa barabarani. Haikuwekwa kwa ajili ya taa na bampa. Usiposema, anayelipa ni yule uliyemgonga. Atakwenda kwa wauza vipuri wa Kisekka au Ndeeba kutafuta taa ya mtumba inayofanana na ya kwake, abembelezane bei, kisha amtafute fundi wa bodi, na siku hiyo hapati abiria. Sheria ya nchi nayo inamtaka dereva aliyesababisha ajali asimame na ajitambulishe. Lakini nisingependa mwamini afikishwe na trafiki mahali ambapo Mathayo 5 ilipaswa kuwa imemfikisha tayari.

«Basi ukileta sadaka yako madhabahuni, na huku ukikumbuka ya kuwa ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka yako mbele ya madhabahu, uende zako, upatane kwanza na ndugu yako.» Angalieni nani ana neno juu ya nani. Bwana hamsemeshi hapa aliyekosewa. Anasema na yule aliyekosa, tena amekwisha kufika mbele, sadaka iko mkononi. Kwa wale waliomsikia kule Galilaya, madhabahu ilikuwa Yerusalemu, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu. Kuiacha sadaka na kurudi kumtafuta ndugu haikuwa safari ndogo. Sisi tunaambiwa tutoke mlangoni tu, tufike pale penye magari.

Kuna na lile la kuzibiana, ambalo kwetu limekuwa desturi. Mtu anafika amechelewa, ibada ya kwanza imejaa, anaona mahali palipobaki ni nyuma ya gari la mwenzake. Anaweka, anafunga, anazima simu, anaingia. Nusu saa baadaye mahubiri yanakatizwa: mwenye gari aina ya Premio ya rangi ya fedha, namba hii, tafadhali sogeza. Hakuna anayesimama. Tangazo linarudiwa. Huko nje amesimama mama ambaye zamu yake hospitalini inaanza, au baba aliyepigiwa simu ya msiba, na askari wa getini anazunguka lile gari akichungulia vioo kana kwamba mwenyewe atapatikana humo. Paulo anawaandikia Wafilipi kwamba kila mtu asiangalie mambo yake mwenyewe, bali aangalie na ya wengine. Mahali pa kulitii neno hilo ni palepale unapotoa ufunguo. Kama hakuna njia nyingine ila kumziba mwenzako, andika namba ya simu kwa herufi kubwa, iweke juu ya dashibodi, kaa karibu na mlango, na simu iwe ya kutetemeka. Kwangu mimi, anayetoka katikati ya wimbo kwenda kusogeza gari hajaiacha ibada.

Wako wanaosema, «Nimekuja kwa kazi ya Bwana, watu watanivumilia.» Kwao naomba tufungue Marko 11. Yesu anakaribia Yerusalemu, anawatuma wanafunzi wawili wakamlete mwana-punda. Marko anatueleza hata pale alipokuwa: amefungwa penye mlango, nje, katika njia kuu. Waliosimama pale wanauliza, Mnafanya nini kumfungua? Swali la haki kabisa, ndilo ambalo askari yeyote mzuri angeuliza. Na Bwana alikuwa amekwisha kuwapa jibu la kusema: kwamba Bwana anamhitaji, na kwamba atamrudisha mara. Wakaruhusiwa. Huyu ndiye ambaye dunia na vyote viijazavyo ni mali yake, naye hakuchukua mnyama wa mtu kimya kimya. Alieleza haja, akaahidi kurudisha. Hakuna kazi ya Bwana iliyokuwa kubwa kuliko ile aliyokuwa akiiendea wiki ile. Kwa hiyo sioni ni ibada gani, wala semina gani, wala mkesha gani, unaotupa sisi ruhusa ya kuziba geti la mtu bila kumuuliza.

Na mageti tunayaziba. Kampala ni mji wa vilima, na juu ya vilima vingi kuna nyumba ya ibada: Namirembe, Rubaga, Nsambya, Kibuli, Old Kampala. Njia za kupandia ni nyembamba, na makanisa madogo kama letu, yaliyo katika majengo ya kupanga, hayana uwanja wa kutosha. Magari yanamwagika barabarani. Jirani yetu Mwislamu, mzee wa heshima, alikuja mwenyewe kutuomba tumwachie nafasi ya gari moja tu mbele ya geti lake, kwa sababu mkewe ni mgonjwa na wakati wowote anaweza kuhitaji kumtoa. Aliomba kwa upole ulionifanya nione haya kwa niaba yetu sote. Ng'ambo yake kuna kijana anayekaanga rolex, ile chapati inayoviringishwa na mayai. Jumapili ndiyo siku yake ya mauzo, watu wakitoka ibadani na njaa. Ukiegesha gari kubwa kama Noah mbele ya kibanda chake tangu saa mbili asubuhi, hakuna anayemwona, unga aliokanda unamharibikia. Yeye hana gari la kukwaruzwa, lakini Walawi 6 inamhusu sawasawa. Wanaoishi Kyaliwajjala na Namugongo wanaweza kutueleza zaidi kuhusu tarehe 3 Juni, mahujaji wanapofika kwa wingi kuwakumbuka mashahidi wa imani waliochomwa moto pale Namugongo mwaka 1886.

Tukitoka mjini mambo yanazidi, na hapa nataka kukaa kidogo, maana msimu wa harusi unakuja na wengi wetu tutasafiri. Msafara wa kwanjula, sherehe ya kumtambulisha bwana harusi kwa wazazi wa bibi harusi, unafika kijijini, magari kumi na tano, yote yameoshwa na kufungwa riboni. Barabara ni ya udongo na upana wake ni wa gari moja. Kila dereva anatafuta kivuli. Tairi moja linapanda kwenye matuta ya viazi, jingine linalala juu ya maharage yaliyoanza kutoa maua. Mwenye shamba ni bibi ambaye hakualikwa, anatazama kutoka mlangoni na hasemi kitu, kwa sababu wageni wamevaa vizuri na yeye anaogopa kuonekana mwenye roho mbaya. Kule upande wa Masaka, kahawa ya kiboko, yaani inayokaushwa pamoja na maganda yake, huanikwa uani na kando ya njia juu ya turubai. Nimeona gari likirudi nyuma hadi ukingo wa turubai ukanasa chini ya tairi, punje zikasagika na kuchanganyika na udongo, na dereva akaondoka akifuata mwito wa kwenda kula. Ile ilikuwa kahawa iliyochumwa kwa mkono, punje kwa punje, na kuanuliwa kila wingu lilipotanda.

Kutoka 22:5 inasema mtu akimwachia mnyama wake akala katika shamba la mwingine, atalipa kwa vitu vizuri vya shamba lake mwenyewe. Hapewi nafasi ya kutoa yale mabovu yaliyobaki. Kwa kipimo hicho, aliyelalia maharage ya bibi asimpe sarafu za chenji zilizobaki kwenye dashibodi. Amwendee, apige magoti kama desturi ya pale inavyotaka, aombe radhi, na alipe kwa namna ambayo bibi atasema, huyu ameheshimu jasho langu. Waandaaji wa sherehe, tafadhali, tangulieni siku moja kabla, ongeeni na majirani, kodisheni uwanja wa shule au wa kanisa. Fedha ya mapambo ikipungua kidogo kwa ajili hiyo, Mungu ataiona sherehe ni nzuri zaidi.

Neno fupi kwa wanaoegesha mlimani au kuharibikiwa njiani: lile jiwe uliloweka nyuma ya tairi, liondoe unapoondoka. Kutoka 21 inamtoza aliyeacha shimo wazi ng'ombe wa mwenzake akatumbukia, na mwendesha bodaboda usiku hana macho kuliko ng'ombe. Na wazazi, fungueni milango upande wa watoto ninyi wenyewe.

Sasa, kwa yule aliyegonga. Naomba uhesabu kwa hesabu ya Musa. Kama taa na kazi ya fundi vimefika shilingi 150,000, sehemu ya tano ni 30,000, jumla ni 180,000. Ile nyongeza inafidia siku zilizopotea na usumbufu, mambo ambayo risiti haiandiki. Na kwa upande wa aliyegongwa, ndugu wapendwa, tusifanye biashara ya ajali. Mkwaruzo uliokuwepo tangu mwaka jana usiingizwe katika deni la mtu wa leo. Anayekuja kukiri apokewe kwa sauti ya chini, bila kuitiwa mashahidi.

Ndugu yetu wa spesho hajaomba jina la mtu litajwe, wala hatalitaja akilijua. Ameniambia anachotaka ni kumweleza mwenye gari ukweli. Kama ni wewe, namba yake ya simu iko kwa wazee wa kanisa. Ukiona vigumu kwenda peke yako, mzee mmoja atakusindikiza, siku yoyote kabla ya Jumapili. Na kama fedha yote haipo, nenda na hiyo uliyo nayo, mpangiane tarehe ya inayobaki.